Ng'ombe Moja, Hainunui Kitu

Msomaji mmoja wa Tarime ameniandikia kupitia kwa mhariri. Anasema amenifuatilia tangu mwanzo, ameona mimi ni mwizi wa kawaida tu mwenye maneno mengi, na ananishauri nitubu kabla hadithi haijaisha.

Ndugu yangu wa Tarime, sitatubu. Shika gazeti vizuri tuendelee.

Kwa aliyechelewa: naitwa Makongoro, fundi wa vyuma, kibanda changu kipo Musoma karibu na soko. Ufundi niliupata kwenye karakana ya mgodi, Buhemba, enzi za mkoloni. Mwaka ninaousimulia, Azimio lilikuwa bado bichi na sarafu mpya za taifa zimeanza kuzoeleka mifukoni. Na mimi nikatengeneza sarafu yangu.

Nasema yangu. Upande mmoja kichwa cha ng'ombe mwenye pembe ndefu, upande wa pili ndege mnandi anaanika mabawa. Juu imeandikwa NG'OMBE MOJA. Chini imeandikwa HAINUNUI KITU. Haina mfalme, haina rais, haina benki, haina mwaka. Ni sarafu ya nchi ambayo haijapata kuwapo duniani, na kila mgeni niliyemuuzia pale Bunda, akiwa njiani kwenda kutazama wanyama, nilimwambia hivyo kwa mdomo wangu.

Mwenzangu katika ugonjwa huo wa sarafu alikuwa Danford, Bwana Mifugo wetu. Yeye alikusanya za zamani, hela za Mjerumani na senti zenye tundu, akazipanga kwenye makopo ya biskuti. Mlisoma jinsi alivyonitaka nimnakilie rupia moja adimu ya Mjerumani ili amuuzie Mzungu wa Nairobi kama ya kweli. Nilikataa. Kuanzia siku hiyo urafiki ukaoza.

Kisha ikaja karantini. Ugonjwa wa miguu na midomo uliingia, Danford akafunga njia zote za ng'ombe kati ya Bunda na Butiama, na mahari zikakwama. Mzee mmoja wa Bugwema akaokota sarafu yangu mezani, akaisoma, akasema, hii si imeandikwa ng'ombe? Basi nitampa mkwe wangu aishike mpaka njia ifunguliwe.

Nilicheka. Walipoanza kuja kwa makundi nikaacha kucheka, nikaweka sharti. Sipigi sarafu mpaka niende zizini, nimwone ng'ombe mwenyewe, nimshike sikio. Kwetu kila mji wa mtu hukata masikio ya ng'ombe wake kwa mkato wake. Mkato uleule niliuweka ukingoni mwa sarafu. Ng'ombe mmoja, sarafu moja. Siku ng'ombe akifika kwa mkwe, sarafu inarudi kwangu, naiyeyusha.

Mara ya mwisho mliniacha korokoroni Musoma, nimevuliwa mkanda na viatu, kwa sababu Danford amekwenda kusema natengeneza fedha bandia.

Asubuhi Sajini Nyamhanga akafungua mlango.

"Makongoro, toka. Tunaenda Butiama."

"Kufungwa?"

"Kutoa ushahidi. Vaa viatu."

Gari la polisi lilipoipita Bweri ndipo aliponisemesha tena. Sarafu yangu moja ilikuwa kwenye kiganja chake, anaigeuzageuza.

"Mkuu wangu hajui akushitaki kwa lipi," alisema. "Bandia lazima iige kitu. Wewe umeiga pesa gani? Hakuna nchi yenye mnandi kwenye pesa yake."

"Si ndiyo nawaambiaga hivyo tangu mnikamate!"

"Nyamaza nimalize. Amesema hivi. Leo hakimu atakuuliza hizi ni nini. Ukisema ni vitu vya mchezo, jioni nakushusha mlangoni kwako, mambo yameisha. Ukisema ni sarafu ya kweli, umekiri unatoa pesa yako ndani ya nchi ya watu. Hapo nakurudisha nilikokutoa." Akapiga kiunoni, pingu zikalia. "Umeelewa?"

"Nimeelewa. Kesi ni ya nani?"

"Ya mahari. Leonardi wa hapo Butiama na Msukuma mmoja wa Bunda, anaitwa Mihayo."

Leonardi ni shemeji yangu, amemuoa dada yangu Benedikta. Binti yao Skolastika ndiye aliyeolewa na Kija, mtoto wa Mihayo, na wakati huo alikuwa na mtoto mchanga wa kunyonya. Mpwa wangu huyo amekulia kibandani kwangu. Likizo zote za shule alikuwa kwangu, ananishikia koleo, uso umejaa masizi, na mama yake ananilaumu kwamba namharibu.

Mahakama ilikuwa ukumbi wa matofali mabichi na bati, na watu walijaa mpaka madirishani. Hakimu alikuwa kijana wa miwani. Kulia na kushoto kwake walikaa wazee wawili wa baraza. Mezani mbele yake zilipangwa sarafu zangu nane.

Leonardi alisimama upande mmoja, Mihayo upande mwingine. Skolastika alikaa benchi la mbele na mtoto kifuani. Hakunitazama.

"Tueleze, Leonardi," hakimu alisema.

"Mheshimiwa, mambo ni mafupi. Tulipatana ng'ombe nane. Karantini ikafunga njia. Nikaletewa hizi nane ndani ya kitambaa, nikatoa binti yangu. Sasa njia imefunguliwa, huyu bwana ananiletea ng'ombe tano! Nampa sarafu nane, ananipa ng'ombe tano! Mimi nataka ng'ombe zangu nane ama binti yangu arudi nyumbani. Hakuna la tatu."

Mihayo alikuwa mzee mrefu, mkulima wa pamba, mpole wa sauti.

"Mimi nilitoa tano," alisema. "Makongoro alikuja zizini kwangu, akashika masikio ya ng'ombe tano. Tatu nilisema nitaleta pamba ikiuzwa. Hizi tatu nyingine sizijui. Labda mkwe wangu amezizaa mwenyewe huko ndani."

"Unaniita mwizi?" Leonardi aliruka.

"Nimesema sizijui."

"Zina mkato wa sikio lako! Tazama!"

Watu wakaguna. Hakimu akagonga meza, akamwita Danford aeleze kama mtu anayejua sarafu.

Danford aliingia na suruali iliyopigwa pasi vizuri. Akachukua sarafu moja kwa ncha za vidole, kana kwamba ameokota kinyesi cha mbuzi.

"Mheshimiwa, mimi nimekusanya sarafu miaka mingi. Ziko za kweli, ziko za bandia. Bandia nayo nina heshima nayo kidogo, maana inajua mama yake. Ukiiweka karibu na ile ya kweli, unaona huyu ni mtoto wa fulani. Lakini hii ya Makongoro haina mama wala baba. Ni uongo mtupu tangu tumboni. Hapa mezani hakuna tatu za bandia na tano za kweli. Zote nane ni takataka."

Akaketi. Hakimu akanigeukia.

"Makongoro, sogea. Kabla hujajibu, nikueleze uzito wake. Kama hizi ni vitu vya mchezo, basi siku ile hakuna mahari iliyotoka. Ndoa haipo. Binti anarudi kwa baba yake na mtoto wake, na ng'ombe watano wanarudi Bunda. Kama zipo za kweli, zihesabiwe hizo, na zilizobaki wakwe watazimaliza wenyewe kwa wakati wao. Umenielewa?"

Sajini Nyamhanga alikuwa nyuma yangu. Nilisikia viatu vyake.

Kija alikuwa amesimama mlangoni, kijana wa watu, macho mekundu. Mtoto akaanza kulia, Skolastika akamnyonyesha. Bado hakunitazama, na niliona ni aibu ya mwanamke aliyewekwa mezani kama mzigo. Niliumia. Sioni haya kusema kwamba niliumia.

Mzee mmoja wa baraza akaniwahi.

"Fundi, mwenyewe umeandika hapa hainunui kitu. Mbona binti huyu ameolewa nayo?"

"Mzee wangu, haikumnunua mtu. Ilishika nafasi ya ng'ombe. Ng'ombe nimemwona, nimemshika sikio, ananuka ng'ombe. Sarafu yangu ilikaa pale mpaka mwenyewe afike."

"Kwa hiyo ni uongo ama si uongo?"

"Uongo uko wapi? Imejiita sarafu ya Mwingereza? Imejiita shilingi? Bwana Mifugo anasema haina mama wala baba. Sawa. Mtoto asiye na baba ni mwizi? Mwizi ni yule anayeingia nyumba ya watu kwa jina la mtoto wa mwenyewe, anakula ugali wao. Rupia ya Mjerumani aliyotaka nimpigie ingeingia mfukoni mwa mtu kwa jina la mwingine. Yangu inaingia kwa jina lake na inasema yenyewe kwamba hainunui kitu. Kuna pesa gani nyingine iliyowahi kuwaambia ukweli kama huo?"

Ukumbi ukacheka. Hata Mihayo aliinamisha uso. Mimi nikavimba kichwa, nakiri hilo, kucheka kwa watu kunanilevya kuliko pombe.

"Jibu swali," hakimu alisema. "Hizi ni nini?"

Nikazichukua moja moja. Zote nane zilipigwa kwa muhuri wangu, yaani kile kipande cha chuma nilichochonga picha kinyume, ukikigonga nyundo picha inakaa kwenye shaba. Zote za shaba ya kwangu, mabomba ya mgodini. Mkato wa ukingoni ulikuwa safi katika zote. Mtu yeyote angesema hizi ni ndugu.

Lakini mimi kwa Mihayo nilikata tano. Nazikumbuka: mweusi, mwekundu mwenye baka, mitamba miwili ya kijivu, na dume lenye pembe iliyovunjika. Nane sikuwahi kukata.

"Ukisema mchezo, unalala kwako leo," Sajini alininong'oneza kisogoni.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka nje:

"Mheshimiwa, hizi tano ni za kweli. Nyuma ya kila moja nilimwona ng'ombe. Hizi tatu ni za bandia."

"Unazitofautisha kwa nini? Mimi naona ni zilezile."

"Ni zilezile, nimetenga tatu zozote. Chuma ni kile, picha ni ile. Zimekosa ng'ombe tu. Hiyo ndiyo bandia, wala usiitafute kwenye shaba."

Mihayo akapiga kelele, si ya hasira. "Umesikia, mkwe? Tano!"

Leonardi hakukubali. "Huyu ni mjomba wa binti! Ana ng'ombe yake ya ujomba humo kwenye mahari! Atasema chochote!"

"Ng'ombe ya mjomba naiacha," nilisema. "Kuanzia saa hii. Msiniletee hata mkia."

Hakimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Unajua ulichokiri?"

"Najua. Nimekiri ninayo sarafu ya kweli."

"Bila idhini ya serikali."

"Serikali haikuwahi kuniuliza. Ingeuliza ningewapa moja bure."

Sajini Nyamhanga akapumua kama mtu aliyeangusha chungu. Akanishika mkono wa kulia, kisha wa kushoto. Pingu zikafunga. Zilikuwa za baridi na, kwa fundi, zilitengenezwa vibaya.

Ndugu wa Tarime, hapo ningenyamaza, ningekuwa mtu mwenye bahati. Ndoa ya mpwa wangu ilikuwa imesimama. Tatu zilizobaki zingengoja pamba. Mimi ningekwenda jela na kichwa juu, na watu wa Bugwema wangeniletea ugali na samaki furu wa kukaanga kila juma.

Lakini Danford alikuwa anacheka. Amekaa pale na suruali yake ya pasi, meno yote nje. Nikamkumbuka na rupia yake. Nikakumbuka alivyokuwa anaingia kibandani kwangu kama kwake, anashika muhuri wangu, anaupima kwa mkono. Damu ikapanda.

"Mheshimiwa, sijamaliza!"

"Umemaliza."

"Sijamaliza! Karani aandike. Mimi nimepiga sarafu ya nchi isiyokuwapo, nimefungwa, sawa. Lakini kuna mtu aliiba muhuri wangu akapiga hizi tatu ili zipokelewe kwa jina langu. Huyo ndiye mtengeneza bandia. Huyo ndiye mwizi. Simwombei msamaha hata awe nani. Afungwe kabla yangu, na kifungo chake kizidi changu! Aandike hivyo hivyo!"

Karani akaandika. Nilisikia kalamu inavyokwaruza.

"Na unamjua?" hakimu aliuliza.

"Mtazame anayecheka."

Danford aliinuka. Kicheko kilikuwa kimemkauka.

"Mimi? Mimi nyundo sijashika tangu nizaliwe! Makongoro, una wazimu. Ng'ombe za Mihayo ziongezeke kwa Leonardi, mimi ninapata nini hapo? Hata mkojo wa ng'ombe sipati!"

Kweli, angepata nini?

Ndipo Skolastika aliposimama. Alimtoa mtoto kwenye ziwa, akampa Kija pale mlangoni, akarudi mpaka mbele ya meza.

"Ni mimi," alisema.

"Kaa chini, mama," hakimu alisema. "Zamu yako bado."

"Ni mimi nilizipiga hizo tatu, mheshimiwa. Mjomba alikuwa amekwenda Bugwema kuona ng'ombe za watu. Ufunguo wa kibanda huwaga anaweka chini ya jiwe la kunolea. Nikawasha moto, nikapiga, nikakata sikio la baba mkwe, nikazifunga kitambaa kimoja na zile tano zilizokuwa pale zikingoja kupelekwa kwa baba."

Leonardi aliketi kwa kishindo. Benedikta, dada yangu, akaanza kulia huko nyuma. Nilimjua kwa sauti.

"Kwa nini?" hakimu aliuliza.

"Baba alisema zisipofika nane sitoki. Baba mkwe alikuwa na tano, na tatu ametuahidi pamba ikiuzwa. Nilimwamini. Nikasema ng'ombe zipo, hazijanunuliwa tu." Sauti yake haikutetemeka. "Tumbo lilikuwa linaonekana tayari, mheshimiwa. Ningengoja pamba mpaka lini?"

"Mume wako alijua?"

"Hajui kitu. Mkewe ndiye anajua kushika koleo."

Hakuna aliyecheka.

Nilimtazama. Sasa na yeye akanitazama, na nikaelewa kwamba asubuhi yote hakuwa akiona aibu ya kuwekwa mezani. Alikuwa akiningoja niseme vitu vya mchezo, aende zake nyumbani kwa baba yake na mtoto, mimi nilale kwangu. Alikuwa tayari kupoteza ndoa nisifungwe. Mimi na mdomo wangu tukamuwahi.

"Karani," nilisema, "futa yale maneno."

"Yapi?"

"Yote ya mwisho. Yale ya mwizi."

"Hayafutwi," hakimu alisema. "Umeyasema ukiwa na akili zako, mbele ya watu hawa wote. Makongoro, sitaki hotuba tena. Wewe ndiye mwenye sarafu, na wewe ndiye uliyetuambia ya kweli ni ipi. Nataka neno moja. Huyu binti ni mwizi kama ulivyosema, ama hizi tatu nazo ni za kweli?"

Nilizitazama zile tatu. Kusema ni za kweli kulikuwa kazi ndogo. Muhuri wangu, shaba yangu, mkono niliofundisha mwenyewe. Hakuna mtu duniani angenipinga. Mihayo angetafuta ng'ombe watatu kwa machozi, Leonardi angenyamaza, na mtoto yule angekuwa na baba.

"Hizi tatu," nilianza.

"Mjomba," Skolastika alinikata. "Usiseme uongo kwa sababu yangu. Ukisema hizo tatu ni za kweli na hazina ng'ombe, hizo tano nani atazipokea tena? Na za wenzangu wa Bugwema walioolewa nazo?"

Akanyoosha mikono yote miwili mbele ya Sajini Nyamhanga.

Sajini alikuwa na pingu jozi moja tu. Alimtazama hakimu, hakimu akanitazama mimi. Basi Sajini akachukua ufunguo, akazifungua mikononi mwangu, akasimama nazo katikati yetu akingoja neno langu.